Mfalme Juu ya Farasi: Picha za Vitabu vya Kiajemi na Tendi za Pwani

Makala haya yanakusudia kulinganisha sanaa mbili ambazo si kawaida kuwekwa pamoja katika idara zetu za lugha. Ya kwanza ni picha za rangi zilizochorwa ndani ya vitabu vya Uajemi, hasa zile zinazomwonyesha mfalme au mwana wa mfalme akiwa juu ya farasi. Ya pili ni tendi za vita za pwani yetu, ambamo masultani na mashujaa nao hupanda farasi, lakini kwa maneno matupu. Kilichotufanya tuyafikirie mambo haya mawili kwa pamoja ni swali lililoulizwa darasani, na ni vema tuanze nalo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha fasihi katika shule moja ya sekondari huko Changamwe, Mombasa bara. Siku hiyo tulikuwa tukisoma sehemu ya utendi wa vita, pale ambapo shujaa anatandikiwa farasi na kutoka kwenda uwanjani. Niliwataka wanafunzi waandike kwa sentensi chache kile walichokiona akilini. Wengi waliandika kile walichodhani kwamba mwalimu anakitaka. Kijana mmoja aliandika kuwa alimwona punda wa mkokoteni wa maji, ila punda huyo alikuwa mrefu na mweupe kuliko wale wa mtaani kwao. Darasa zima lilicheka, nami nikamkosoa mbele ya wenzake. Wiki iliyofuata nilileta picha iliyochapwa katika kitabu cha sanaa: mwana wa mfalme wa Kiajemi, taji kichwani, juu ya farasi aliyeinua miguu ya mbele. Nilidhani tatizo limekwisha. Kijana yule aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, huyu farasi miguu yake i hewani, lakini mbona haendi?" Sikuwa na jibu.

Leo naamini kwamba majibu yote mawili ya kijana yule, la punda na la farasi asiyekwenda, yalikuwa uhakiki mzuri kuliko niliokuwa nikiufundisha. Hoja ya makala haya ni kwamba farasi wa tendi zetu hakuumbwa ili atazamwe. Aliumbwa ili asikike. Mhakiki anayempima kwa kipimo cha picha atamwona ni kiumbe dhaifu, cha kukopwa, kisicho na rangi. Na mwalimu anayemfundisha kwa macho tu atawapoteza wanafunzi wake, kama nilivyowapoteza mimi.

Kazi ya picha katika kitabu cha Kiajemi

Kati ya vitabu vya Uajemi vilivyochorwa picha, mashuhuri zaidi ni Shahnama, yaani Kitabu cha Wafalme, ambacho mshairi Ferdowsi alikikamilisha mwaka 1010. Ni utungo wa beti zipatazo 50,000, kila ubeti ukiwa na vipande viwili, unaosimulia habari za wafalme wa Uajemi tangu wale wa kisasili hadi kuingia kwa Uislamu nchini humo. Karne kwa karne wafalme waliotawala waliamuru nakala mpya zitengenezwe. Nakala inayosifiwa kupita zote ilitengenezwa mjini Tabriz katika miaka ya 1520 na 1530 kwa ajili ya Shah Tahmasp, nayo ilikuwa na picha 258.

Msomaji wa Kiswahili anapaswa kufahamu kwamba kitabu kama hicho hakikuwa kazi ya mtu mmoja. Kilitoka katika karakana ya mfalme, ambamo mwandishi wa khati, mtia dhahabu, msaga rangi, mchoraji na mjalidi walifanya kazi chini ya msimamizi mmoja kwa gharama ya hazina ya dola. Picha ya mfalme juu ya farasi, kwa hiyo, ilikuwa imelipiwa na mfalme aliye hai, naye alijitazama humo kama katika kioo.

Picha zenyewe zina kanuni zake. Hazina vivuli. Mbingu husukumwa juu kabisa ya ukurasa ili ardhi ipate nafasi, na juu ya ardhi hiyo kila jiwe na kila ua huchorwa kwa uangalifu uleule anaochorewa mfalme. Hata vitani mfalme huketi wima, uso mtulivu, mkono mmoja kwenye hatamu. Farasi wake ana rangi yake na mara nyingine jina lake. Rakhsh, farasi wa shujaa Rustam, anajulikana kwa madoadoa yake, nao wachoraji walijitahidi kuyaonyesha. Katika kisa cha Khusrau na Shirin, kilichotungwa na Nizami katika karne ya 12, mwana wa mfalme anamwona binti akioga kijitoni. Wachoraji wengi walimwonyesha akiwa amesimamisha farasi, kidole mdomoni kwa mshangao. Hapo farasi na mpandaji wote wamenyamaza.

Mchoraji huyo hakuwa na haja ya kuonyesha mwendo. Mwendo ulikuwa katika beti zilizoandikwa juu na chini ya picha, katika ukurasa uleule. Msomaji alikuwa akikimbia na beti, akifika kwenye picha akatua, akatazama, kisha akaendelea. Picha ilikuwa kituo cha safari. Ukiiondoa kitabuni, unabaki na kituo kisicho na njia, na hivyo ndivyo ilivyokuwa picha niliyoipeleka Changamwe.

Jambo hili si la kubuni. Nakala ya Shah Tahmasp ilipelekwa kwa sultani wa Uturuki, Selim wa Pili, mwaka 1568 kama zawadi, na ilidumu nzima kwa karne nyingi. Mwaka 1959 ilinunuliwa na tajiri wa Kimarekani, Arthur Houghton, naye akaanza kuichambua ukurasa kwa ukurasa. Picha 78 alizitoa kwa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, na nyingine ziliuzwa moja moja. Sehemu iliyosalia ilirudi Iran mwaka 1994 kwa kubadilishana na picha ya mchoraji wa kisasa, Willem de Kooning. Leo watu wengi duniani wanamjua mfalme yule juu ya farasi bila kuzijua beti zilizomleta pale. Wao wana picha pasipo utungo. Sisi, kama tutakavyoona, tuna utungo pasipo picha.

Fahari ya mfalme katika pwani yetu

Kabla ya kuuliza kwa nini hatuna picha za mfalme juu ya farasi, yatupasa kuuliza kama mfalme wa pwani alipanda farasi. Ushahidi wa wageni waliopita huku unatusaidia. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alimwona sultani wa Mogadishu akitoka msikitini kwa miguu chini ya miavuli minne ya hariri, juu ya kila mwavuli pana ndege wa dhahabu. Alipofika Mombasa alishangazwa na jambo dogo zaidi: watu walikwenda miguu mitupu na kunawa miguu katika milango ya misikiti.

Ushahidi wa mwaka 1498 ni mkubwa zaidi kwa hoja yetu. Msafiri mmoja katika merikebu za Vasco da Gama aliandika yale waliyoyaona Malindi. Mfalme aliwajia kwa chombo, amekaa kwenye kiti chini ya mwavuli wa atilasi nyekundu, na kando yake zilipulizwa siwa mbili za pembe za ndovu, ndefu kama kimo cha mtu. Siku nyingine, Wareno walipokuwa wakipita mbele ya mji, waliwaona ufukoni wapanda farasi wawili wakicheza mchezo wa vita. Lakini mfalme mwenyewe aliletwa hadi ukingoni mwa maji kwa kubebwa na watu. Farasi, basi, walikuwapo. Walikuwa wa mchezo na wa maonyesho. Enzi ilibebwa mabegani mwa watu, ikatangazwa kwa siwa.

Sababu ya uchache wa farasi inajulikana. Mbung'o na maradhi anayoyaeneza walizifanya nyika za nyuma ya pwani, kama vile misitu ya Shimba iliyo nyuma ya Likoni, kuwa mahali pabaya kwa mnyama huyu. Lakini sababu hiyo peke yake haitoshi. Wenyeji wangeweza kumwagiza farasi kwa gharama kubwa, kama walivyoagiza vyombo vya kauri, na kumfanya alama ya ufalme kwa sababu ya uhaba wake. Hawakufanya hivyo kwa sababu tayari walikuwa na alama nyingine: chombo, kiti cha enzi, mwavuli na siwa.

Hata masimulizi ya asili ya Kishirazi yanathibitisha jambo hili. Tarehe ya Kilwa inasimulia kwamba wana wa mfalme wa Shiraz walikuja kwa jahazi saba, na Mombasa ni mojawapo ya mahali jahazi hizo zilipotia nanga. Kule Kilwa kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Katika kisa hicho chote farasi hana kazi. Kuhusu ukweli wa asili hiyo wanazuoni wamebishana sana, wengine wakiiona kuwa ni ishara tu ya hadhi. Mwaka 2023 uchunguzi wa mabaki ya wafu wa kale kutoka makaburi ya pwani, yakiwamo ya Mtwapa, ng'ambo ya kijito kaskazini mwa Kisauni, ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika upande wa kina mama, na kwamba upande wa kina baba mlikuwa na damu nyingi ya Kiajemi iliyoanza kuchanganyika takribani mwaka 1000. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa sanaa ya picha haikufika kwa kuwa Waajemi hawakufika. Walifika, ila walioshuka Mtwapa walikuwa watu wa bahari na biashara, na karakana ya mfalme haisafiri jahazini.

Lugha yetu imeyahifadhi haya. Maneno tuliyoyapata kutoka Kiajemi, moja kwa moja au kwa kupitia lugha nyingine, ni ya bandari, nanga, pamba, rangi na serikali. Farasi mwenyewe ana jina la Kiarabu. Katika vifaa vyake, lijamu imetoka katika Kiarabu kilicholipokea neno hilo kwa Waajemi. Matandiko na kikuku ni maneno ya Kibantu, nayo kikuku ni jina la pambo la mguuni kabla ya kuwa mahali pa kukanyagia mpandaji. Msamiati huu unaonyesha mnyama aliyefika akiwa mgeni, akapewa vifaa kwa majina ya vitu vya nyumbani.

Pana tukio moja ambalo mpandaji wa kifalme wa Kiajemi alionekana hasa katika nchi za Waswahili. Seyyid Said wa Unguja alimwoa binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, na hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 na kupambwa kwa chokaa iliyochongwa kwa mtindo wa Kiajemi, inahusishwa naye. Binti Salme, katika kumbukumbu zake zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia jinsi mama huyo alivyopanda farasi na kutoka kuwinda pamoja na askari wake wa Kiajemi, jambo lililowashangaza watu. Hiyo ndiyo picha ya Kiajemi iliyo hai. Ndoa yenyewe haikudumu, na kuta za Kidichi zilibaki na maua na ndege, pasipo mpandaji.

Kitabu cha pwani

Wako wanaosema kwamba pwani haikuchora wafalme kwa sababu dini ilikataza. Jibu hili ni jepesi mno. Shah Tahmasp alikuwa mfalme wa Kiislamu, na wachoraji wake walikuwa Waislamu. Tofauti kubwa zaidi iko katika namna vitabu vilivyotengenezwa. Huku kwetu kitabu kiliandikwa na mtu mmoja, nyumbani au msikitini, kwa karatasi iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Aliyekitaka alikuwa jirani, ndugu, au bibi wa nyumba aliyependa kusoma utendi. Uhodari wa nakshi ulikuwapo: Misahafu ya Siyu ya karne za 18 na 19 imepambwa kwa rangi nyeusi, nyekundu na manjano kwa ustadi usiohitaji kuombewa radhi. Lakini mapambo hayo yanaizunguka khati, hayashindani nayo. Jicho la msomaji wa pwani lilifundishwa kutua juu ya neno.

Farasi anayesikika

Sasa tuuelekee utendi. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728. Unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Tarehe inaeleza kwamba safari ya Tabuk ya mwaka 630 haikuzaa vita. Utendi umejengwa juu ya hadithi za maghazi, na ndani yake jeshi linapangwa, majina yanaitwa, na wapiganaji wanatoka mmoja baada ya mwingine. Mtunzi aliyeketi katika kisiwa chenye mikoko, ambako safari ni ya dau na ya miguu, alilazimika kuwaleta wapanda farasi wengi mbele ya wasikilizaji ambao wengi wao hawakupata kuuona msafara wa namna hiyo.

Anayetafuta hapo rangi ya manyoya, nakshi ya tandiko na madoa ya Rakhsh atapata kidogo. Basi wengine husema kwamba farasi huyu ni pambo lililokufa, lililookotwa katika hadithi za Kiarabu. Tunakubali kwamba katika tendi ndefu yamo mapigano yanayofanana mno, na kwamba watunzi wadogo wamemtaja farasi kwa mazoea, kama mtu ajazaye mizani. Mapenzi ya urithi yasitufanye tusifu kila ubeti. Lakini katika sehemu zilizo bora, kazi ya farasi ni nyingine kabisa, nayo iko katika fani yenyewe.

Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya kwanza vinakubaliana vina vyao, na cha nne kinatoa kina ambacho hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho wa utendi. Mpangilio huu una mwendo ndani yake: mapigo matatu yanayofuatana, kisha kutua, kisha kuanza tena. Mtunzi hodari anapomtoa shujaa uwanjani hufupisha maneno, huweka kitenzi mbele, hupanga kelele, vumbi na wito wa jina, na kile kina cha nne hurudi kila mara kama kwato ardhini. Msikilizaji haonyeshwi farasi. Anapewa mwendo wake, na mnyama anamjaza mwenyewe kutokana na yale anayoyajua. Mtu wa Pate alimjaza kwa alichokijua. Kijana wa Changamwe alimjaza kwa punda wa maji, akamrefusha na kumwongezea weupe, na kwa kufanya hivyo alitimiza kazi aliyoachiwa na mtunzi.

Hapa ndipo zilipo njia mbili za kumtukuza mfalme. Mchoraji wa Tabriz alimsimamisha mfalme ili atazamwe bila mwisho, naye alikuwa na mfalme wa kumlipa. Mtunzi wa Pate hakuwa na karakana, wala mfalme aliyezoea kuonekana juu ya farasi. Alikuwa na hadhira iliyozoea kuijua enzi kwa sikio, hadhira ambayo mithali yake husema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Alimpa shujaa wake fahari ileile iliyopewa masultani wa mji: sauti inayotangulia mwili. Kwa maoni yetu mpanda farasi wa tendi ni ndugu wa siwa kuliko alivyo ndugu wa picha.

Hitimisho

Ulinganisho huu unatudai mambo mawili. La kwanza ni la uhakiki. Tuache kuzihukumu tendi kwa uhaba wa maelezo ya kuonekana, kana kwamba kila fasihi ilipaswa kuishia kwenye picha. Tuhukumu mwendo: je, ubeti unakwenda, au umesimama? Kwa kipimo hicho baadhi ya tendi zinazosifiwa zitashuka, na baadhi ya sehemu zinazorukwa zitapanda.

La pili ni la ufundishaji, nalo ni zito zaidi, kwa sababu wanafunzi wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe husoma tendi kimya kimya, kwa ajili ya mtihani, wakitafuta tamathali za kuorodhesha. Utendi unaosomwa hivyo umetengwa na sauti yake kama picha za Tabriz zilivyotengwa na beti zake. Pangali na watu wazima, na hasa wanawake, wanaojua mahadhi ya kusomea tendi. Idara zetu zingefanya jambo la maana kuzirekodi sauti zao na kuzipeleka madarasani pamoja na vitabu.

Neno shah la Kiajemi, lenye maana ya mfalme, liliingia katika Kiswahili likawa shaha, nasi tukampa cheo hicho kiongozi wa washairi. Hakuna aliyetuamuru, ndivyo tulivyoona enzi inapokaa. Kabla ya kuondoka shule ile ya Changamwe nilimwomba mama mmoja mzee wa mtaa wa jirani aje kutusomea sehemu ileile ya utendi. Alisoma kwa mahadhi, bila haraka, macho yake kwenye khati. Kijana wa punda aliketi mbele. Sikumwuliza tena alimwona mnyama gani, lakini vidole vyake vilikuwa vikipiga meza, na kila kipande cha nne vilitua.